Delamere ni mmoja, Chamli ni wengi: vyeo vya kurithi vya Waingereza na majina ya koo zao

Magari ya kwenda Nakuru hupenda kusimama Naivasha, pale kwenye duka la Delamere kando ya barabara kuu. Abiria hushuka kunyoosha miguu na kununua mtindi. Safari moja mzee aliyekaa mbele yangu alirudi na chupa yake, akaigeuzageuza, kisha akauliza bila kumlenga mtu: "Hawa akina Delamere wako wangapi siku hizi?"

Kijana wa siti ya nyuma akamjibu kwamba hakuna mtu ambaye jina lake la ukoo ni Delamere. "Wanaitwa jina jingine, mzee, refu, hata kuandika ni shida." Mama mmoja akakataa katakata. Yeye alifuatilia ile kesi ya mauaji magazetini, na jina lililokuwa likiandikwa ni Delamere. Tulipofika Gilgil gari zima lilikuwa na kambi mbili, na kila kambi ilikuwa na nusu ya ukweli.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kwa Waingereza jina la ukoo na jina la cheo ni vitu viwili vinavyotembea njia mbili. Ukoo mmoja unaweza kuwa na vyeo vitano. Cheo kimoja kinaweza kuhama kutoka ukoo hadi ukoo. Na katika nyumba moja, baba, mama na mtoto wanaweza kuitwa majina matatu bila ya mmoja wao kudanganya.

Jina ni la wote, kiti ni cha mmoja

Jina la ukoo la watu wa Soysambu, lile shamba la akina Delamere katika Bonde la Ufa, ni Cholmondeley. Tahajia yake isikutishe, Waingereza wenyewe hulitamka "Chamli". Delamere ni jina la cheo. Kila mtoto anayezaliwa katika ukoo huo ni Cholmondeley, awe wa kiume au wa kike, wa kwanza au wa saba. Lakini anayeitwa Lodi Delamere ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Jina la ukoo hugawiwa kila mtu kama chai msibani. Cheo ni kiti, na kiti hakikaliwi na wawili.

Watu wa Mombasa hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wamazrui walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, lakini liwali alikuwa mmoja, mpaka Seyyid Said alipouvunja utawala wao mwaka 1837. Tofauti iko katika namna ya kumpata wa kukikalia kiti. Kwa koo zetu, wazee huketi, huzungumza, wakati mwingine huvutana mpaka upanga utoke alani. Kwa Waingereza hakuna wa kuketi wala wa kuteua. Jibu limeshaandikwa, pengine miaka 300 kabla ya marehemu kuzaliwa.

Limeandikwa wapi? Kwenye hati ya kifalme iliyokianzisha cheo. Pwani tuna kitu kinachokaribiana sana na hati hiyo, nacho ni wakfu. Mtu akiliweka shamba lake wakfu kwa kizazi chake, huandika masharti: watakaonufaika ni nani, na hao wakiisha waje akina nani. Tangu siku hiyo shamba haliuzwi, haliachwi kwa wosia, wala halikatwi vipande. Mjukuu wa tano hana ruhusa ya kubadilisha hata neno moja. Cheo cha Kiingereza nacho kiko hivyo. Mfalme hukitoa mara moja, na kwa kawaida hati husema kitawaendea wazao wa kiume wa yule aliyepewa, waliozaliwa ndani ya ndoa, nasaba ikipitia kwa wanaume tu. Binti hapati. Mtoto wa nje hapati. Wa kulea hapati.

Na mtoto wa kwanza akifa kabla ya baba? Hapa msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu atashtuka kidogo. Kwetu mjukuu aliyefiwa na babake huzuiwa na ami yake aliye hai. Kwa Waingereza ni kinyume: mjukuu husimama mahali pa babake na kumpita ami. Hukumaliza mstari wa mtoto wa kwanza, huna ruhusa ya kugusa wa pili.

Ngazi zenyewe ni tano. Juu kabisa yuko duke, akifuatiwa na makwisi, eli, vaikaunti, na chini kabisa baroni. Wote hawa ni malodi kwa maana ya sheria, ingawa duke haitwi "Lodi Fulani" mdomoni. Baroneti ni mtu mwingine. Cheo chake hurithiwa, lakini yeye si lodi, huitwa "Sir" tu, sawa na naiti, yaani mtu aliyetunukiwa usir kwa kazi yake. Na usir wa naiti haurithiwi kamwe. Hufa na mwenyewe. Dokezo moja dogo litakusaidia kusoma historia: "Sir" hushikana na jina la kwanza, "Lodi" hushikana na cheo. Ndiyo maana kwa gavana wa kikoloni Evelyn Baring husikii "Sir Baring", unasikia Sir Evelyn.

Ukoo mmoja, viti viwili

Turudi kwa Wachamli. Asili yao ni Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na ukoo ule uligawanyika katika matawi zamani sana. Tawi moja lilipata ueli wa Cholmondeley mwaka 1706, kisha likapandishwa kuwa umakwisi mwaka 1815. Hawa ndio wenye jumba la Houghton kule Norfolk, na makwisi wa sasa ndiye aliyekuwa na kazi ya heshima ya kumtangulia Malkia Elizabeth bungeni tangu 1990 hadi malkia alipofariki mwaka 2022. Tawi la pili lilikaa Vale Royal, hukohuko Cheshire, likapewa ubaroni mwaka 1821. Jina walilolichagua kwa kiti chao ni Delamere, ambalo ni jina la msitu wa jirani.

Kwa hiyo Makwisi wa Cholmondeley na Baroni Delamere ni watu wa jina moja la ukoo na babu mmoja wa mbali, lakini wana viti viwili, hati mbili, warithi wawili. Hakuna anayemtawala mwenzake.

Anayeona jambo hili ni la ajabu aukumbuke ukoo wa Busaidi. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Thuwaini alibaki na Oman na Majid akabaki na Zanzibar, na ugomvi wao uliamuliwa mwaka 1861 kwamba ziwe dola mbili, Zanzibar ikiilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Wote ni Mabusaidi, viti viwili. Aliyeamua ni mtawala wa Waingereza kule India, naye alikuwa eli: Eli Canning. Angalia kwamba sikuandika "Eli wa Canning". Canning lilikuwa jina lake la ukoo, na eli anayefanya jina lake la ukoo kuwa jina la cheo kwa kawaida huliacha lile neno "wa". Ndivyo ilivyo pia kwa Eli Spencer, babake Diana. Ukikuta "wa", kama Eli wa Cromer, jua karibu kila mara kwamba jina linalofuata ni la mahali, na jina la ukoo limejificha kwingine.

Aliyekuja Kenya mwishoni mwa karne ya 19, akajitwalia ardhi Njoro na baadaye Soysambu, jina lake lilikuwa Hugh Cholmondeley, aliyezaliwa 1870 na kufariki 1931. Vitabu humwita Lodi Delamere wa tatu, na wasomaji wengi hudhani wawili wa kwanza nao waliishi Bonde la Ufa. Hapana. Hesabu hiyo ni ya kiti, na ilianza Cheshire mwaka 1821. Sanamu yake ilisimama Nairobi kwenye barabara iliyoitwa Delamere, ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Baada ya uhuru iliondolewa ikapelekwa Soysambu.

Hapo sasa tunaweza kumjibu yule mama wa matatu. Mtu aliyeshtakiwa katika kesi iliyomalizika mwaka 2009 alikuwa Tom Cholmondeley, mtoto wa Lodi Delamere wa tano. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa lodi hata siku moja. Babake alikuwa hai, kiti kilikuwa na mwenyewe. Tom alifariki mwaka 2016, na mzee alipofariki mwaka 2024, cheo kilimruka aliyetangulia kikamwangukia mjukuu. Waliomwita Tom "Lodi Delamere" walikosea, ila ni kosa la kueleweka. Hata magazeti makubwa yalikuwa yakiteleza.

Gavana aliyekuwa na baba wa jina lake

Mwaka 1952 Uingereza ilimleta Kenya gavana mpya, Sir Evelyn Baring. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa, na kilichofuata kila familia ya Mkoa wa Kati inakijua. Mwanafunzi anayetafuta habari za gavana huyu hukutana na jambo la kumvuruga kichwa: yuko Evelyn Baring mwingine, aliyeitawala Misri kwa miaka mingi mwishoni mwa karne ya 19. Je, ni mtu mmoja aliyeishi sana? Hapana, ni baba na mwana. Baba alizaliwa 1841, akapewa ubaroni wa Cromer mwaka 1892 na ueli mwaka 1901, akafariki 1917. Mwana alizaliwa mwaka 1903, baba akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60.

Sasa swali: ikiwa babake alikuwa Eli wa Cromer, mbona gavana wetu hakuitwa Lodi Cromer? Kwa sababu alikuwa mtoto wa tatu wa kiume. Kiti kilikwenda kwa kaka yake mkubwa wa mama mwingine, Rowland, siku ileile baba alipokata roho. Evelyn mdogo alibaki na jina la Baring na asili nzuri, basi. Usir aliokuja nao Nairobi aliupata kwa kazi yake serikalini.

Mwaka 1960, baada ya kumaliza Kenya, alipewa kiti chake mwenyewe: Baroni Howick wa Glendale. Howick ni mahali Northumberland, nyumbani kwa ukoo wa mkewe, ambaye babake alikuwa Eli Grey wa tano. Ndiyo, Grey hao hao wa ile chai iitwayo Earl Grey. Yule eli alipofariki mwaka 1963 bila mtoto wa kiume, jumba la Howick lilibaki kwa binti na mumewe, lakini ueli wa Grey ukaenda kwa ndugu wa mbali ambaye hakupata hilo jumba. Ukitaka kuona kwa macho kwamba cheo na mali ni vitu viwili, tazama kifo hicho kimoja. Mali hufuata wosia na mikataba ya familia. Cheo hufuata hati yake tu, hata kikimwangukia mtu mwenye nyumba ya kupanga.

Kwa kiti hicho cha Howick, ukoo wa Baring ulifikisha vyeo vitano vya kurithi vilivyo hai kwa wakati mmoja. Na hawakuwa watu wa panga na farasi. Walianza na John Baring, Mjerumani wa Bremen aliyehamia Exeter mwaka 1717 akafanya biashara ya sufu. Wanawe walifungua nyumba ya biashara London mwaka 1762, ikawa benki iliyokopesha serikali. Mmoja wao, Francis, akawa baroneti mwaka 1793. Kuanzia hapo kila tawi likajitafutia hati yake: Ashburton mwaka 1835, Northbrook mwaka 1866, Revelstoke mwaka 1885, kisha Cromer, kisha Howick. Yule wa Revelstoke na yule wa Cromer walikuwa ndugu wa baba mmoja, mmoja benki, mwingine Misri.

Watu huuliza kama cheo kimoja huzaa kingine, kama kuku na vifaranga. Hakizai. Kila kimoja kati ya hivyo vitano kilitolewa upya, kwa mtu mwingine, kwa sababu nyingine. Kinachoviunganisha ni jina la ukoo pekee, na jina halina nguvu yoyote ya kisheria juu ya cheo. Unaweza kuwa Baring, mjukuu wa mjukuu wa Sir Francis, ukafa mtu wa kawaida kabisa.

Baba mmoja, warithi wawili

Sasa tuingie palipo na utamu wenyewe, na tena tunarudi Nairobi.

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Eli wa Erroll wa 22, alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa, akaachiwa huru, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Habari za mapenzi na ulevi wa walowezi wale zimesimuliwa vya kutosha. Mimi nataka utazame vyeo vilivyokuwa kwenye gari lile.

Marehemu alikuwa na umri wa miaka 39 na alikuwa na viti viwili. Cha kwanza kilikuwa ueli wa Erroll, cheo cha Uskoti cha tangu karne ya 15. Cha pili kilikuwa ubaroni wa Kilmarnock, uliotolewa mwaka 1831 kwa utaratibu wa kawaida, yaani wanaume tu. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka 15, Diana.

Vyeo vingi vya kale vya Uskoti humruhusu binti kurithi pasipo na mtoto wa kiume. Kwa hiyo ueli wa Erroll ulimwangukia Diana, akawa kauntesi, yaani eli wa kike, kwa haki yake mwenyewe, si kwa kuolewa na eli. Ubaroni wa Kilmarnock haukumtambua. Ukampita ukaenda kwa Gilbert, mdogo wake marehemu. Risasi moja, na vyeo vilivyokaa kichwa kimoja kwa miaka 110 vikaachana usiku uleule. Binti akapata kikubwa, ami akapata kidogo.

Gilbert alifanya jambo jingine mwaka huohuo: alibadilisha jina lake la ukoo kutoka Hay kuwa Boyd. Kwa nini mtu abadilishe jina la baba yake? Ili kulielewa hili inabidi turudi karibu miaka 200 nyuma.

Kilmarnock kilikuwa kiti cha ukoo wa Boyd. Eli wa Kilmarnock wa nne, William Boyd, aliunga mkono uasi wa mwaka 1745 dhidi ya mfalme, akashindwa vitani Culloden, akakatwa kichwa London Agosti 1746. Cheo chake kikafutwa pamoja naye. Mwanawe James, ambaye alipigana upande wa serikali dhidi ya babake mzazi, alibaki bila cheo. Lakini James alikuwa na bahati ya upande wa pili: dada wa bibi yake mzaa mama, Mary Hay, alikuwa Kauntesi wa Erroll na hakuwa na mtoto. Mary alipofariki mwaka 1758, ueli wa Erroll ulimwangukia James, naye akaliacha jina la Boyd na kujiita Hay, maana eli wa Erroll asiyeitwa Hay angeonekana kama imamu asiye na kilemba. Tangu hapo hadi kwa Diana, wale Hay wa Erroll walikuwa Boyd kwa upande wa baba, ila hawakulitumia jina hilo. Mwaka 1831 wakapewa ubaroni wa jina la kiti walichonyang'anywa, Kilmarnock. Na mwaka 1941, kiti hicho kilipojitenga na Erroll, Gilbert aliona hana tena sababu ya kuitwa Hay. Akarudi kwenye jina la babu aliyekatwa kichwa.

Hata Diana mwenyewe aliligawa jina. Aliolewa na Mskoti aliyekuja kuwa baroneti, Sir Iain Moncreiffe. Mtoto wao mkubwa wa kiume aliitwa Hay kwa jina la mama, kwa sababu ndiye wa kurithi Erroll. Mdogo akaitwa Moncreiffe kwa jina la baba. Ndugu wa tumbo moja, majina mawili ya ukoo, na kila mtu Uskoti anaelewa sababu.

Ukichukua ramani ya Uskoti utakuta akina Hay wengine wawili wakubwa: Makwisi wa Tweeddale na Eli wa Kinnoull. Jina ni lilelile, viti tofauti kabisa. Kifo cha Karen hakikuwagusa.

Vyeo vya kuazima

Kuna desturi inayozidi kuwavuruga watu, nayo ni vyeo vya kuazima. Duke, makwisi au eli kwa kawaida huwa na vyeo vidogo chini ya kile kikubwa, kama mtu mwenye kanzu tatu. Mwanawe mkubwa huruhusiwa kuvaa moja ya hizo kanzu baba akiwa hai. Mtoto wa Makwisi wa Cholmondeley huitwa Eli wa Rocksavage, lakini kwa sheria si eli wa chochote; ni raia wa kawaida anayeitwa hivyo kwa adabu. Mabinti wa eli nao huitwa "Ledi" na jina lao la kwanza, ndiyo maana Diana Spencer alikuwa Ledi Diana kabla ya kumjua Charles. Watoto wa baroni hawapati hata hicho. Huandikiwa neno la heshima mbele ya jina kwenye bahasha, na mdomoni huitwa Bwana na Bibi kama mimi na wewe. Tom Cholmondeley alikuwa katika kundi hilo.

Winston Churchill ni mfano wa mwisho wa ngazi hiyo. Babu yake alikuwa Duke wa Marlborough. Babake, mtoto mdogo wa duke, aliitwa Lodi Randolph kwa kuazima. Winston hakuitwa kitu, na alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1907 alikuwa mbunge wa kuchaguliwa. Ukoo wake na wa Diana Spencer ni mmoja: wote ni wazao wa Charles Spencer, Eli wa Sunderland wa tatu, tawi moja likachukua Marlborough na jingine likaja kuwa Eli Spencer mwaka 1765.

Kuhusu nguvu za kisiasa, nitapita haraka kwa sababu hazikubaki nyingi. Zamani mwenye cheo cha kurithi aliingia moja kwa moja katika Baraza la Malodi, ambalo redio zetu zingine huliita Bunge la Mabwanyenye. Wanawake wenye vyeo kama Diana wa Erroll walikuwa wamefungiwa nje mpaka sheria ya mwaka 1963. Sheria ya 1999 iliwaondoa karibu wote ikabakiza 92, mwanawe Diana akiwa miongoni mwao, na mwaka 2024 serikali ilipeleka muswada wa kuwaondoa hata hao. Kuondolewa barazani hakumvui mtu cheo. Anabaki eli, ila hana kura.

Kukataa cheo kunawezekana, ila kwa mwenyewe tu. Tony Benn, mbunge wa mrengo wa kushoto, alipigana miaka kadhaa ili asilazimishwe kuwa Vaikaunti Stansgate, na sheria hiyo ya 1963 ndiyo iliyomfungulia mlango. Alipofariki mwaka 2014, uvaikaunti aliokuwa ameukataa ulimwendea mwanawe kama kwamba hakuna kilichotokea. Kuhusu wale wanaouza vyeti vya ulodi mtandaoni pamoja na kipande cha ardhi Uskoti cha ukubwa wa mkeka, unanunua karatasi.

Kiti kikikosa mtu

Tulipokaribia Nakuru nilimwambia yule mzee kwamba Delamere ni mmoja tu, walio wengi ni Chamli. Akacheka, akalirudia jina mara mbili, kisha akauliza swali bora kuliko yote ya safari ile: "Na huyo mmoja akifa bila mtoto wa kiume?"

Inategemea hati. Kwanza wanasheria hupanda mti wa nasaba kurudi nyuma, wakitafuta mdogo wa marehemu, mtoto wa ami, mjukuu wa babu mdogo, ilimradi ni mzao wa kiume wa yule wa kwanza aliyepewa. Mara nyingine anapatikana mtu asiyemjua hata marehemu. Mara nyingine cheo kimoja kinapata mrithi na kingine hakipati. Akina Baring walikiona hicho mwaka 1929. Eli wa Northbrook wa pili alifariki bila mtoto. Ueli ulikuwa umetolewa kwa babake mwaka 1876, kwa hiyo haukuwa na mzao mwingine wa kiume, ukaishia hapo. Lakini ubaroni wa Northbrook ulikuwa wa babu yake, wa 1866, na babu alikuwa na wazao wengine. Ukaenda kwa binamu. Jina la kiti lilibaki Northbrook, ngazi ikashuka kutoka eli hadi baroni.

Asipopatikana mtu kabisa, cheo hufa. Canning aliyewapatanisha Mabusaidi alifariki mwaka 1862 bila mtoto, na ueli wake ukaondoka naye. Lugard, ofisa Mwingereza aliyepiga kambi katika kilima cha Kampala ya Kale mwaka 1890, alipewa ubaroni wa kurithi mwaka 1928 akiwa mzee asiye na mtoto. Mwaka 1945 ukazikwa pamoja naye.

Kuna na wale ambao hati yao haikuwa na mrithi tangu mwanzo. Edward Twining, gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958, wa familia ya wale Twining wa chai, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupewa ubaroni wa maisha, aina mpya iliyoletwa na sheria ya 1958. Hati yake ilimwita Baroni Twining wa Tanganyika na wa Godalming. Tanganyika hiyo haikumpa hata hatua moja ya ardhi Dodoma wala Tanga. Alipofariki mwaka 1967 alikuwa na watoto wa kiume, lakini hawakupata cheo, na nchi iliyotajwa kwenye hati ilikuwa imeshabadilisha jina miaka 3 kabla yake.